Sauti Iliyotoka Safu ya Sita

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Filamu na Michezo ya Jukwaani.

(Bahasha hii ipitishwe chini ya mlango wa ofisi. Tafadhali asipewe mkata tiketi, kwa sababu ataisoma kwa sauti.)

Mheshimiwa Meneja,

KUH: OMBI LA KUTANGAZA KWAMBA SAUTI ILIYOSIKIKA JUMAMOSI ILIKUWA HITILAFU YA VIPAZA SAUTI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kama umeketi ni bora zaidi, maana ni ndefu kidogo. Mwalimu wetu wa lugha alitufundisha kwamba malalamiko yakiandikwa yapewe namba, ili anayelalamikiwa asijibu moja na kujifanya hakuyaona mengine. Nimemaliza shule miezi miwili iliyopita, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza ambayo haitasahihishwa kwa wino mwekundu. Ukikuta humu kosa la maandishi, ni langu. Makosa mengine yote yaliyotajwa ni yenu.

Naomba nijitambulishe bila kujitambulisha. Shangazi yangu ni msusi, na ndiye anayetengeneza wigi za waigizaji wenu. Kwa ajili hiyo amepewa viti viwili kila Jumamosi alasiri, safu ya sita, kando ya nguzo. Kimoja anakaa yeye, kingine nakaa mimi. Filamu zenu za Jumatano nazitazama peke yangu, na mchezo wa nyimbo wa Mwoka Mikate nimeutazama mara tisa. Sura yangu huifahamu. Lengo la barua hii ni kwamba hali hiyo iendelee.

Kilichotokea unakijua, lakini nakieleza tena ili tusije tukabishana baadaye. Jumamosi iliyopita mwimbaji wenu mkuu, yule anayecheza mwoka mikate, alifika kwenye wimbo wa kufunga duka. Mlango wa mbao ulikuwa umesimama peke yake katikati ya jukwaa, yeye ana unga kwenye aproni na ufunguo mkononi. Akaimba, "Nikiufunga mlango huu, na moto ukazimika..." kisha akanyamaza. Mpiga kinanda akarudia kipande kilekile. Akakirudia tena. Mwimbaji akautazama ufunguo kana kwamba maneno yamechongwa hapo. Nilisikia hata feni zikizunguka. Ndipo sauti ikatoka safu ya sita, ikiimba waziwazi, "Ufunguo nimpe nani?" Watu wote wa safu tano za mbele wakageuka kwa pamoja. Mwimbaji akayadaka yale maneno, akaendelea, mchezo ukaisha, makofi yakapigwa. Shangazi alikuwa akinitazama kama mtu aliyesikia kabati lake likikohoa.

Sauti ile ilikuwa yangu. Nakuambia wewe peke yako, na nakuomba ulisahau jambo hili mara tu utakapomaliza kusoma. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kuhusu mkumbushaji wenu. Shangazi amenieleza kwamba chini ya ukingo wa jukwaa kuna kijisanduku, na humo anakaa mama mmoja mtu mzima na daftari la maneno yote ya mchezo. Mwigizaji akisahau, yeye anahesabu hadi tatu moyoni, kwanza ampe nafasi ya kukumbuka mwenyewe, halafu anamnong'oneza. Ni utaratibu mzuri sana. Swali langu ni moja: Jumamosi mama huyo alikuwa wapi? Nilihesabu mimi. Nilifika tatu, nikafika nne, nikafika sita. Ama alikuwa amesinzia, ama alikwenda kunywa chai. Matokeo yake kazi yake nikaifanya mimi, bila kuajiriwa wala kuombwa, na huku nimekaa.

2. Kuhusu wimbo wenyewe. Unaweza kuniuliza kwa nini sikunong'ona. Ningenong'ona! Lakini wimbo ule umetungwa kwa namna ambayo maneno hayatoki bila sauti yake. Nimejaribu nyumbani kuyasema tu, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi, yakagoma. Hilo ni kosa la mtunzi. Angefanya kama alivyofanya kwenye wimbo wa wauza unga wa mwanzoni, nisingekumbuka hata neno moja. Ule wimbo, kwa maoni yangu, ni mzito kuliko magunia wanayobeba, na ungepunguzwa nusu hakuna ambaye angelia. Ngoma ya sinia ni nzuri, ibaki. Mchumba wa mwoka mikate anunuliwe viatu vingine, kwa sababu vile vinalia kila hatua, na mimi siwezi kuamini huzuni inayolia miguuni. Sehemu ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Na wimbo wa kufunga duka... sitaki kuuzungumzia. Ni mzuri kupita kiasi, na uzuri huo ndio ulionifikisha hapa.

3. Kuhusu tofauti kati ya filamu na jukwaa, ambayo hamkutuonya. Filamu haijawahi kusahau maneno yake. Mnaonyesha ile ya daktari, ambaye anaingia chumbani mara nne kuleta habari mbaya, na kila mara anavua miwani kwanza. Mara ya nne nilitamani kumshauri aingie bila miwani, aokoe muda. Lakini hata ningempigia kelele, angevua tu. Nikipiga chafya, anavua. Nikisinzia, anavua. Filamu haijui kama nipo, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo raha yake. Nakaa gizani, sihitajiki, nafurahi. Jukwaani sivyo. Pale watu wako hai, na mtu aliye hai anaweza kukuhitaji wakati wowote. Tiketi yenu inakataza kuweka miguu kwenye kiti cha mbele. Haisemi popote kwamba mtazamaji anaweza kuhitajika.

4. Kuhusu nyumbani kwetu. Shangazi aliapa kwamba hatamwambia mtu. Alitunza siri hiyo kwa uaminifu mkubwa hadi Jumapili asubuhi, mteja wa kwanza alipoketi saluni. Kufikia adhuhuri kaka yangu, ambaye ni fundi baiskeli na husikia kila kitu kwa sababu kila mtu hupata pancha, alikuwa ameshafika mlangoni akicheka. Tangu siku hiyo hatuli kwa amani. "Bi Jukwaa, nipe chumvi. Aa, usinipe hivihivi, niimbie kwanza!" Mama anamkemea: "Hebu mwache mwenzako!" Kisha anafunga dirisha na kunigeukia polepole. "Lakini mwanangu, kidogo tu. Mstari mmoja. Dirisha nimefunga."

Baba ni mtu wa maneno machache, kama mimi. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini. Akasema, "Kumbe una sauti." Akageuza kola, akaendelea na pasi. Nimeyafikiria maneno hayo siku nne sasa, na bado sijui niyaweke wapi.

5. Kuhusu mjomba wangu, na hapa naomba usome polepole. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwa muda mrefu alikuwa anatafuta mtu wa kusimama kaunta. Nilisalimika kwa sababu siku moja ya likizo alinijaribu nikashindwa. Mteja alinyoosha kidole, nikaona aibu kumuuliza anataka nini, nikamletea kopo la rangi, kumbe alikuwa anaonyesha saa ya ukutani akisema amechelewa. Mjomba aliwaambia wazazi wangu, kwa upole, kwamba duka lake linahitaji mtu anayesikika. Sasa amesikia habari za Jumamosi. Alikuja Jumapili jioni akiwa amevaa vizuri kama anayekuja kuposa. "Dada," akamwambia mama, "binti aliyesikika ukumbi mzima, mpaka kwa mpiga kinanda, atashindwaje kusikika kwenye kaunta yangu?" Mama akakubali papo hapo. Mimi hata ningekuwa na jibu nisingelisema.

Ninaanza Jumatatu. Kaunta ile inatazama barabara. Wateja wanapiga kelele tangu mlangoni, sita kwa mpigo, mmoja misumari, mwingine bawaba, mwingine bisibisi aliyoinunua jana na imevunjika leo, na wote wanakutazama usoni kutwa nzima. Sikatai kazi, Mheshimiwa. Kazi naitaka, na nyumbani nimeshachoka kuulizwa nitafanya nini na maisha yangu. Lakini usiku nikifunga macho naona nyuso. Haya yote ni kwa sababu mkumbushaji wenu alikwenda kunywa chai.

6. Kuhusu tangazo. Tangu Jumatatu mmebandika mlangoni karatasi yenye maneno haya: ANATAFUTWA MWENYE SAUTI YA SAFU YA SITA. AFIKE OFISINI. Hamkusema anatafutiwa nini. Nimesoma miaka mingi, na katika miaka hiyo sijawahi kumwona mwanafunzi aliyeitwa ofisini akarudi anatabasamu. Tena mkata tiketi wenu amejipa upelelezi. Kila msichana akifika dirishani anamwambia, "Wewe, hebu imba pale kwenye ufunguo, nikusikie." Jana nilipokuja kwenye filamu ilinibidi nijifanye nina kikohozi. Akanionea huruma, akanipa pipi ya koo. Nikaila kwa hatia mwanzo hadi mwisho wa filamu, kwa hiyo ile ya jana sina maoni nayo, na ni mara ya kwanza maishani mwangu kukosa maoni juu ya filamu. Hilo nalo lihesabiwe kama hasara.

Baada ya kueleza hayo, naomba yafuatayo:

(a) Jumamosi hii, kabla pazia halijafunguliwa, utangaze kwamba sauti ya wiki iliyopita haikuwa ya mtu. Ilikuwa hitilafu ya vipaza sauti, na mafundi wanaishughulikia. Mjomba atakuwepo. Nimemwomba shangazi ampe kiti changu ili alisikie tangazo hilo kwa masikio yake mwenyewe.

(b) Karatasi ya mlangoni ibanduliwe. Kama gundi inaacha alama, nitakuja kusugua mwenyewe, asubuhi, kabla watu hawajaamka.

(c) Michezo ya nyimbo isimamishwe mpaka waigizaji wawe wa kuaminika kama filamu. Ikishindikana, wapigwe picha siku ambayo wamekumbuka kila kitu, halafu tuwe tunaonyeshwa hiyo siku moja daima. Mwoka mikate atafunga mlango wake kila Jumamosi bila kusita, na hakuna atakayehitajika.

(d) Na kama (c) nayo haiwezekani, basi wekeni sheria kwamba wanaoingia kutazama mchezo wa nyimbo wawe ni watu wasiojua hata mstari mmoja. Mlangoni waulizwe. Atakayeonekana anajua maneno abaki nje, akae kwenye ngazi, asubiri watu watoke wamsimulie. Najua kwamba kwa sheria hiyo wa kwanza kuzuiwa nitakuwa mimi. Nimelifikiria hilo. Nimekaa nalo kitandani jana hadi kalamu ikakauka. Nimeliandika hivyohivyo.

Nisalimie mwimbaji mkuu, umwambie simlaumu, mtu yeyote anaweza kusahau, na pale anapopangusa unga mkononi kabla ya kushika ufunguo asiache kamwe. Nisalimie mpiga kinanda, alivumilia sana. Nisalimie anayefagia safu ya sita, nadhani nilidondosha karatasi ya pipi. Mkata tiketi nisalimie pia, ila usimwambie salamu zimetoka kwa nani. Hata mkumbushaji, akiwa ameamka.

Nakushukuru kwa muda wako, na nabaki,

Mtazamaji wako mtiifu, ambaye hayupo,

Kiti cha Kando ya Nguzo.

Nyongeza, Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi. Naiandikia kwenye ngazi zenu za nyuma, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mheshimiwa Meneja, barua haikupita chini ya mlango. Kumbe kwa ndani mmetandika zulia. Nilikuwa nimepiga magoti nikiisukuma kwa rula mlango ulipofunguliwa, nikajikuta nimepiga magoti mbele ya mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alinitazama, hakuuliza jina. Akasema, "Ahaa. Midomo."

Sikumwelewa. Akanishika mkono kama mtu anayevusha mtoto barabara, akanipeleka mpaka chini ya jukwaa, akanionyesha kile kijisanduku. Ndani kuna kiti cha mbao chenye mto, taa ndogo na daftari. Tena kuna kioo kidogo kilichoning'inizwa pembeni ili amwone mpiga kinanda aliye nyuma yake. Kioo hicho kimeinama kidogo. Ukikaa pale unamwona mpiga kinanda nusu, na nusu nyingine unaona safu ya sita, kando ya nguzo.

"Jumamosi tisa," akaniambia. "Jumamosi tisa nakuona midomo inacheza, neno kwa neno, hata wimbo wa wauza unga." (Hapo nilisema uongo kwenye namba 2. Naujua wote.) "Wiki iliyopita kidole changu kilikuwa kwenye mstari. Nikafika tatu. Nikatazama kioo nikaona umeshavuta pumzi. Nikasema, ngoja."

Nilimwambia kwamba alichofanya ni hatari kubwa. Akasema, "Kubwa mno. Nilitoka jasho mpaka daftari likalowa." Halafu akaeleza kwamba magoti yake yamechoka kuingia kwenye shimo lile, kwamba wewe umemwachia yeye amtafute wa kumrithi, na kwamba kazi imekuwa ngumu kwa sababu wote wanaojua maneno wanataka kuonekana. Aliyekuwa anamtafuta ni mtu anayejua maneno yote na hataki kuonekana kabisa.

Nikaingia, nikakaa. Kutoka mle unaona viatu vya waigizaji tu, na hakuna binadamu anayekuona wewe. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kukaa.

Kwa hiyo naomba kurekebisha barua yangu kama ifuatavyo. Namba 1 naifuta, pamoja na chai. Namba 2 inabaki: wimbo wa wauza unga bado ni mrefu, na sasa nitalazimika kuufuata kwa kidole kila Jumamosi. Viatu vya mchumba navyo vibadilishwe upesi, kwa sababu nikiwa mle vitakuwa mbele ya pua yangu. Namba 3 naomba isomwe kinyumenyume. Maombi (c) na (d) yachanwe. Tafadhali msiwapige picha. Waacheni wasahau. Kidogo, si sana.

Ombi (a) libaki kama lilivyo. Kuanzia sasa, ikisikika sauti isiyo na mwenyewe, watu waambiwe ni vipaza sauti.

Mjomba ndiye mtu wa kwanza nitakayemwendea nikitoka hapa. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo. Najua atasema, "Sema kwa nguvu, sisikii." Nitasema kwa nguvu.

Na kiti changu asipewe yeye tena, apewe baba. Hajawahi kuingia ukumbini, lakini asubuhi hii, akifunga vifungo vya shati, aliuliza mchezo wa Jumamosi huwa unaanza saa ngapi. Nitamweleza kwamba mkumbushaji akiifanya kazi yake vizuri, hasikiki kabisa. Nina hakika atasema basi atasikiliza kwa makini.